Mrejesho: utando wa parilini kubanduka kwenye vihisi vya maji

Wakuu, niliuliza kwa nini utando wa parilini C (plastiki nyembamba ya kukinga maji) unabanduka kwenye vihisi tunavyozamisha ziwani hapa Kisumu. Asanteni sana, mmenifaa mno.

Nilifuata ushauri wa kusafisha kwa alkoholi na kupaka sileni A-174 (kemikali ya kushikisha utando) kabla ya kuweka utando. Joto la tanuru ya mvuke wa parilini sikuligusa, limebaki nyuzi 680, kwani hapo dimeri (molekuli mbili zilizoungana, malighafi ya parilini) inavunjika vizuri kuwa monoma (molekuli moja moja). Kwenye vihisi vya kioo utando umeshika kabisa! Hata selotepu haiung'oi, na majini umetulia.

Kwenye vihisi vyenye dhahabu bado unainuka pembezoni. Ndugu aliyenitahadharisha alisema kweli: dhahabu haina oksaidi (tabaka la metali iliyoungana na oksijeni) ya kushikwa na sileni. Hapo sijapata dawa, ila vihisi vya kioo tayari vinafanya kazi.