Naomba ushauri: mwanangu alitukanwa jukwaani

Ndugu zangu, heshima kwenu. Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka 11, mwenye ualbino, kutazama mechi ya ligi kwa mara ya kwanza. Timu yetu ilipofungwa, mashabiki waliokaa nyuma yetu, tena wenye jezi kama zetu, waliacha kumzomea mwamuzi wakaanza kuimba kwa ngoma kwamba "zeruzeru katutia nuksi". Mtoto akashusha kofia hadi puani, na karanga alizokuwa akila zikabaki zimefumbatwa kiganjani mpaka tulipofika nyumbani. Msimamizi wa jukwaa niliyemwendea alinijibu kwamba huo ni utani wa mpira. Sikubaliani naye hata kidogo. Huko Hispania, mashabiki watatu waliomtukana kibaguzi Vinícius Júnior, mchezaji Mweusi wa Real Madrid, uwanjani Valencia mwaka 2023 walihukumiwa kifungo cha miezi 8, na kanuni za FIFA zinamruhusu mwamuzi kusimamisha mechi, hata kuivunja. Lakini mwamuzi atasikiaje anachoimbiwa mtoto aliyeketi jukwaani? Je, nianzie polisi, kwa kamishna wa mechi au kwa uongozi wa klabu, na video fupi niliyorekodi kwa simu inatosha kuwa ushahidi? Mwanangu ameshauliza mara mbili kama tutarudi uwanjani, nami sijamjibu.