Jogoo wa kienyeji achinjwe lini, akianza kuwika au asubiri Krismasi?

Mama Matetea: Wadau nina majogoo sita wa kienyeji, miezi mitano na ushee, wanawapanda matetea mpaka migongo imebaki ngozi. Mie nataka nichinje wanne, mzee kagoma, eti tungoje Krismasi bei ipande. Nyie mnachinja lini?

Kamanda wa Banda: Umeshachelewa, chinja. Jogoo mmoja anatosha matetea nane mpaka kumi, hao wengine wanakula pumba bure tu. Piga hesabu ya pumba na dagaa mpaka Desemba uone hiyo bei ya mzee inabaki na nini, na mdondo ukipita kama hujarudia chanjo ile ya kila miezi mitatu ndo hata wa kuuza humpati.

Shangazi Kidoti: Miezi mitano ni kifaranga huyo jamani. Ngoja afike hata minane, kucha za nyuma zitokeze, hapo supu inakuwa supu. Ila nyie wa mjini mmezoea broila la wiki tano, meno yamesahau kazi.

Mtoto wa Temeke: Shangazi ushaanza. Broila limesomesha wanangu hilo. Na hilo jogoo lako mkaa unapewa bure? Unachemsha toka asubuhi mpaka adhana ya saa kumi bado linavutana.

Shangazi Kidoti: Lipake papai bichi kwanza. Kama hujui kupika sema tukufundishe.

Mtoto wa Temeke: Mnaojua kupika ndo nyie mnamtengea mgeni firigisi?

Mzee Ukwaju: Firigisi ya baba mwenye nyumba. Haijadiliwi.

Nusu Kilo: Kwa lipi? Banda nafagia mimi, maji naweka mimi, wangu hata mlango wa banda unafungukia wapi hajui. Nailia hukohuko jikoni, sahani haiioni.

Mzee Ukwaju: Ndo maana ndoa zenu hazidumu.

Nusu Kilo: Kumbe yako imeshikiliwa na firigisi? Mpe pole mama.

Kamanda wa Banda: Jamani mada! Mama Matetea kama uliwapa dawa yoyote juzijuzi soma kwanza kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuchinja, watu wengi hawaangalii.

Mama Matetea: Asante Kamanda. Ila Mzee Ukwaju, wakichinjwa wanne, firigisi zote nne ni zake?

Mzee Ukwaju: Zote.

Kijana Kibaha: Nani ana jogoo wa kuchi wa mbegu? Aje inbox.