Mjadala: Kanga wamejaa bwawani Karamoja, je, msimu wa kuwinda ufunguliwe?

Mtoa mada (Napak)

Wadau, salaam. Naleta hoja ambayo huku mpakani mwa Karamoja na Teso, kaskazini mashariki mwa Uganda, haikosekani jioni yoyote tukiuzunguka mtungi wa ajono, pombe yetu ya ulezi.

Kanga ni wengi mwaka huu. Sijaambiwa, nimeona. Nyuma ya shamba langu la mtama kuna bwawa la mifugo, na jua likianza kushuka ukingo wote unageuka rangi ya majivu kwa ndege wanaokuja kunywa. Vijana wanatega vitanzi. Anayebahatika anawabeba wawili watatu hadi barabarani, anawauza kwa kunong'ona kama muuza bangi.

Mimi nasema serikali ifungue msimu wa kanga na kwale. Tukate leseni ndogo, tulipe, pesa zibaki wilayani. Wenye leseni za daraja A, zile za uwindaji, wanawinda kihalali kwa bunduki za bei ya nyumba, sisi kanga mmoja wa mchuzi ni kesi. Hata Kenya walipofunga uwindaji mwaka 1977, bunduki za ndege ziliendelea kulia miaka mingi baadaye. Napendekeza Desemba mpaka Machi, nyasi zikiwa zimekauka na ndege wanaonekana. Semeni.

Mchangiaji wa Mbarara

Napinga. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini mwaka 1979, na anayekumbuka bunduki za miaka ile hahitaji kuelezwa sababu. Uliporudi kwa majaribio mwaka 2001 huku kwetu kando ya Ziwa Mburo, ulikuja na idadi: wanyama wamehesabiwa, mgawo umekubaliwa, mwenye ardhi anajua anapata nini. Sasa kanga wako nani kawahesabu? Wewe na mtungi wako?

Mchuzi wa kanga si shida, fuga. Mama yangu anao kumi na wawili, wana kelele kuliko mbwa na mwizi hasogei.

Boda wa Kiryandongo

Dada wa Mbarara anaongea hivyo kwa sababu wa kwake wanalala bandani. Huku tunapanda karanga asubuhi, jioni aweno (ndio hao kanga) wameshazifukua. Tena hawaparazi ovyo. Wanafuata mstari, shimo kwa shimo, utadhani walishika ile kamba ya kupandia. Fungueni msimu hata leo.

Mstaafu wa Moroto

Nimesoma yote. Nimefanya kazi ya askari wa wanyama miaka mingi, na jambo moja linanisumbua kwenye hoja ya ndugu wa Napak: amehesabu ndege penye maji wakati wa kiangazi.

Huo ndio mtego ulionasa wengi. Kanga lazima anywe. Mvua ikinyesha, maji yako kila kidimbwi, kila unyayo wa ng'ombe. Kundi moja linabaki huku, jingine kule, nyasi zimefika kiunoni, unapita hatua tano kutoka kwa jike aliyelalia mayai na humwoni. Unarudi nyumbani unasema mwaka huu hakuna kanga. Vidimbwi vikishakauka, makundi ya eneo zima yanabanana kwenye bwawa moja, lako. Unasema mwaka huu wamejaa. Ndege ni walewale! Pengine wamepungua, ila wamekusanywa na kiu.

Kwa hiyo ukifungua msimu kwa kuangalia bwawa, unaufungua mwaka mbaya kuliko yote. Ukame wenyewe unampiga kanga mara mbili. Kwanza mvua ikikosa, wadudu wanakosa. Kifaranga wa kanga hakui kwa mtama, siku za mwanzo anataka mchwa, kumbikumbi, panzi. Bila hao anadumaa, anakufa. Pili, mavuno yakikosa, binadamu naye anakwenda porini. Mwaka 2022 njaa ilipoipiga Karamoja sikuona kijana ambaye hakuwa na kitanzi, na sikuwa na mdomo wa kumlaumu.

Mtoa mada (Napak)

Afande, shikamoo. Nimekuelewa nusu. Kama ukame ni mbaya, basi mvua nyingi ni heri. Si tufungue baada ya mwaka wa mvua?

Mstaafu wa Moroto

Marahaba. Hapana, si kila mvua. Kanga anataga chini, kwenye kishimo alichokiparaza chini ya kichaka, mayai sita mpaka kumi na mawili hivi, na anayalalia karibu wiki nne. Mafuriko yakipita hapo, kwisha. Wakishaanguliwa, adui ni ubaridi wa maji. Nimewahi kuinua fungu la nyasi asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha nikakuta vifaranga watano wamelala kwa mpangilio, manyoya yamegandamana kama pamba iliyolowa kwenye mafuta. Hakuna aliyewauma. Mama yao alikuwa bado anaita upande wa pili.

Mvua nzuri ni ile inayokuja mapema, ikaotesha nyasi na kuleta wadudu, halafu ikapungua ukali vifaranga wakiwa wadogo. Ile ya mwisho wa 2019, iliyokataa kukatika Afrika Mashariki nzima, mimi siihesabu kuwa ya heri kwa ndege wa chini. Na ilipoondoka ikatuachia nzige, Februari 2020, wakaingia kupitia Amudat. Kanga walikula nzige mpaka tukawaonea wivu, kisha jeshi likaja na dawa. Tuliambizana tusile kanga kwa muda.

Mwanafunzi wa Gulu

Naomba kuongeza. Hii mada Marekani ni kazi ya kila mwaka. Majimbo kama Kansas yana watu wanaoendesha gari taratibu alfajiri barabara zilezile mwisho wa kiangazi chao, wanahesabu kwale na feasanti (jamaa yake kwale, mkia mrefu) wanaotoka kwenye nyasi kujikausha umande. Wanaandika na vifaranga. Ndipo wanawaambia wawindaji watarajie nini. Masika yakiwa baridi na mvua, vifaranga wanakufa. Ukame ukikausha nyasi, hakuna kifuniko wala wadudu. Kule kuna theluji pia, sisi hatuna.

Boda wa Kiryandongo

Sasa Kansas inahusu nini na karanga zangu?

Mwanafunzi wa Gulu

Inahusu hivi: wao wanahesabu kabla ya kupiga. Wewe unataka kupiga ndipo tuhesabu.

Mchangiaji wa Mbarara

Hapo umenena. Niongeze la kwangu, maana naona wote mnaongea kana kwamba Uganda nzima ni Karamoja. Kwenu mvua ni msimu mmoja mrefu, Aprili hadi Septemba hivi. Kwetu kusini ni mara mbili, Machi mpaka Mei, tena Septemba mpaka Novemba. Ndugu wa Napak anataka Desemba iwe tarehe ya nchi. Desemba yako imekauka. Desemba yangu mvua ndiyo kwanza inaondoka, na enkofu, kanga wetu, bado anatembeza watoto. Tarehe moja ikiandikwa Kampala, lazima mahali fulani mtu atampiga mama mwenye vifaranga.

Bado napinga kufungua. Lakini mkilazimisha, basi kila eneo liwe na siku zake, na siku hizo zifuate mvua.

Mtoa mada (Napak)

Sawa. Na kwale je? Huyo haji bwawani kwa makundi.

Mstaafu wa Moroto

Kwale ni wa kusikia kuliko wa kuona. Alfajiri simama, hesabu sauti. Tatizo lake kubwa ni moto: wapo wanaotaga nyasi zikianza kugeuka manjano, na wachungaji huwasha wakati huohuo kutafuta majani mapya. Hilo tulianzishie mada yake.

Kwa kanga nikupe kazi. Usihesabu kundi lote, tenga wakubwa na watoto. Wa mwaka huu utamjua kwa kichwa: hana ile pembe ya mfupa, au anayo kijinundu tu, na rangi ya buluu haijamkolea. Mwaka ukiwa mzuri, wadogo ni wengi ndani ya kundi. Kundi la wazee watupu ni kundi linalokufa taratibu, hata kama ni kubwa.

Mtoa mada (Napak)

Afande, narudi na ile kazi uliyonipa. Jumapili nilikaa chini ya mkwaju kuanzia saa kumi na moja jioni, mimi na mwanangu, yeye akichora vijiti mchangani. Walikuja kwa foleni, wa mbele akisimama kila mara kuchungulia. Wakubwa sitini na wanane. Wadogo tisa.

Boda wa Kiryandongo

Sitini na wanane! Si nilisema?

Mstaafu wa Moroto

Tisa, umesema? Na vitanzi vya vijana bado viko pale ukingoni?

Mtoa mada (Napak)

Vilikuwepo. Kumi na kimoja, nimevikusanya, viko hapa chini ya kitanda. Kesho watakuja kuniuliza, na sijui nitawajibu nini, maana wao wanaona ndege sitini na wanane.