Peel ama Natur ya KMRU, ipi nianze nayo?

kandambili_moja
Niaje wadau. Nimeingia kwa mambo ya KMRU, yule wa muziki wa droni, mvumo mrefu tu, Joseph Kamaru mjukuu wa Joseph Kamaru mwenyewe, mwimbaji wa benga, mzee alituacha 2018, jina ni moja ndio maana kijana akatoa zile "a" mbili akabaki na KMRU. Sasa nina pesa ya albamu moja tu, mwezi uko kona mbaya, na nimekwama kati ya Peel ya 2020 na Natur ya 2024. Nilijaribu zote mbili kwa simu ndani ya mat ya Rongai na ukweli sikusikia kitu, konda alikuwa anagonga mabati na dere amefungulia gengetone mpaka viti vinatetemeka. Mwenye amesikiza mpaka mwisho aniambie, ipi?

wufa_ya_jirani
Kwani hii ndio ile muziki haina ngoma haina maneno? Mlivyokuwa mnasema droni droni hapa nilidhani ni zile za kupiga picha harusi. Nimeweka Peel dakika saba nikainuka kuangalia friji kama imeharibika

shifti_ya_usiku
Peel. Bila kufikiria mara mbili.
Mimi hufanya kazi usiku, natype maneno ya watu kutoka kwa rekodi, na hiyo albamu nimeisikiza kuliko kitu chochote tangu itoke. Ule wimbo wa kwanza, Why Are You Here, unakaa kama robo saa na haukimbii popote, unaingia polepole vile mvua huwa bado iko Ngong haijakufikia, halafu ukishtuka imejaa nyumba nzima na huwezi sema ilianza saa ngapi. Wa mwisho wenye jina la albamu unapita dakika 20. Mwaka huo ulikuwa wa korona na kafyu, saa moja jioni mji umefungwa, na mimi nikiweka Peel narudi pale pale, barabara tupu, mbwa tu.
Natur ni nzuri lakini haikubembelezi. Ukitaka ya kulala usiiguse.

Nzumari254
Assalaam aleikum. Nitapinga kidogo. Peel ni nzuri, sikatai, ilitoka kwa Editions Mego ya Vienna, lebo ya marehemu Peter Rehberg, na wahakiki wa Ulaya na Marekani waliisifu sana. Ila mie sifa zenyewe zilinichekesha, maana kuna walioandika utadhani wameletewa Nairobi ndani ya bahasha. Nairobi gani? Sikiliza Peel yote, zaidi ya saa nzima, hutambui matatu hata moja wala muuza maji. Yule kijana hurekodi sauti za mahali kisha akazinyoosha na kuzikunja hadi mahali penyewe pakapotea, na huo ndio ufundi wake. Wakamsifu kwa kitu alichokiondoa.

Na mwenzetu wa friji, huu mvumo si kitu kigeni. Mie nimekulia Mombasa kabla ya kuhamia huku South B, na mpiga nzumari akishaijaza shavu pumzi anavuta kwa pua na huku anapuliza, sauti haikatiki. Tofauti ni kwamba pale kuna ngoma na watu wanacheza, hapa umeachiwa sauti peke yake.

wufa_ya_jirani
Sasa nzumari angalau iko na harusi mbele yake, kuna pilau 😂

fundi_transfoma
Nilikuwa napita tu lakini mmesema friji. Mimi ni fundi stima na Natur ndio albamu ya kwanza maishani mwangu nimesikia mtu akirekodi kazi yangu. Jamaa ametumia maikrofoni za kunasa sumaku ya umeme, zile ukiweka karibu na rauta ama chaja zinatoa milio hata kama sikio lako halisikii kitu, na fikra yake ni kwamba hapa kwetu stima iko juu ya nguzo unaiona na unaisikia usiku, ukienda Berlin anapoishi wamezifukia chini unadhani hakuna. Ndio hiyo albamu, kipande kimoja kama dakika 50, haina nyimbo.

Sasa sikieni hii. Stima yetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na transfoma huvuma mara mbili ya hiyo yaani 100, kwa sababu chuma cha ndani kinavutwa mara mbili kila mzunguko. Ujerumani pia ni 50. Kwa hivyo transfoma ya Dandora na ya Berlin zinaimba noti moja! Marekani ni 60 kwa hivyo zao zinavumia 120. Nilimwambia kijana wangu anapiga gita la kanisa, akaenda chini ya nguzo ya ploti yetu na gita usiku, akarudi akasema ni G imezidi kidogo tu. Keyateka alidhani tunaiba stima.

shifti_ya_usiku
Fundi umeniua. Kuna mzee mmoja wa Marekani, La Monte Young, hao ndio walianza haya mambo ya kushikilia noti moja masaa, naye husema utotoni alivutiwa na mvumo wa nguzo za simu na transfoma. Kumbe wote mmetoka shule moja.
Bado nasema Peel.

Nzumari254
Na bajeti ikiruhusu siku moja, Temporary Stored ya 2022. Alichukua rekodi za Waafrika zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji akazitengeneza upya. Hiyo haisinziishi mtu. Mie iliniudhi, kwa maana nzuri.

kandambili_moja
Aki nilikuja na mbili naondoka na tatu. Na malipo je? Sina kadi ya benki

shifti_ya_usiku
Tengeneza ile kadi ya GlobalPay kwa M-Pesa, Bandcamp, lile duka la muziki la mtandaoni, inakubali kadi. Na pitia ukurasa wa nyimbo za babu pia, mjukuu amekuwa akizitoa upya huko. Na tafadhali tumia hedifoni, si spika ya simu, kwa simu hiyo besi yote inapotea unabaki na kelele ya nyuki.

kandambili_moja
Nimerudi. Nilichukua Natur, samahani shifti, fundi alinimaliza. Nimeiweka saa nne usiku, hedifoni za kuazima, dirisha wazi, na mwanzoni niliona nimetupa pesa, mikwaruzo tu. Halafu kama dakika ya 30 hivi stima ikapotea mtaa mzima. Nikatoa hedifoni sikio moja. Nje kimya kabisa, ule mvumo wa nguzo ya hapa kwetu ambao nimeishi nao miaka sita bila kuujua umekatika, na kwa sikio lingine bado unaendelea.

wufa_ya_jirani
na friji?

kandambili_moja
Friji pia. Maziwa yamechacha.

fundi_transfoma
Ni mtaa gani huo, nitume mtu?