Skrini moja ya GPS, trekta mbili: kikombe cha kunyonya, klampu au braketi ya kuchomelea?

Mlimaji wa Njoro
Wakulima wenzangu, habari za shamba. Nina trekta mbili, Massey Ferguson 385 yenye kanopi tu na nyingine yenye kebini. Skrini ya GPS ni moja, na antena yake moja. Mvua ikianza inaongoza planta ya mahindi hapa Njoro, baadaye naenda nayo Mau Narok kwenye ngano na sprea yenye bumu (mkono wa kunyunyizia dawa) la mita 12.

Msimu uliopita niliishika kwa kikombe cha kunyonya kioo. Asubuhi kilishika vizuri. Jua likikolea na vumbi likiingia, kinaachia. Skrini ilianguka miguuni pa dereva mara mbili, na ya pili ikapasuka pembeni. Kwenye kanopi hakuna kioo, kwa hiyo tuliifunga kwa mpira wa tyubu, na tukashinda siku nzima tukiikaza. Fundi wa jua kali yuko tayari kunichomelea braketi kwenye nguzo ya kanopi kwa bei ndogo. Wengine wanasema klampu yenye tufe, yaani kiungo cha mpira kinachoruhusu skrini kugeuzwa. Nyinyi mnatumia nini?

Fundi wa Rongai
Kaka, msimamishe huyo fundi kwanza. Kama nguzo hizo ndizo fremu ya kumlinda dereva trekta ikipinduka, hazichomelewi wala hazitobolewi. Moto wa kuchomelea unadhoofisha chuma mahali pale pale, na siku trekta ikilala ubavu mteremkoni, hapo ndipo itakapokatika. Klampu ya U inalikumbatia bomba bila kulijeruhi. Zungushia kipande cha tyubu kabla ya kukaza ili isiteleze. Na ukichomelea chochote kingine kwenye trekta, hata ngazi, toa skrini na ufungue waya za betri kabla.

Binti Subukia
Mimi nimejaribu kikombe na klampu, na nimebaki na klampu. Ila angalia tufe. Za kampuni ya RAM ziko za inchi 1 na za inchi 1.5. Ndogo inatosha simu. Skrini nzito ikipita murram yenye mawimbi inainama polepole mpaka dereva anatazama magoti yake. Chukua 1.5 na mkono mfupi wa klampu. Skrini iwe karibu na mkono wa dereva lakini isimzibie gurudumu la mbele.

Mzee wa Mau Narok
Wanangu, skrini ikisogea sentimita 10 hakuna mmea utakaojua. Antena je? Ikikaa sentimita 10 kushoto ya katikati, na kifaa hakijaambiwa, ukienda na kurudi nafasi moja kati ya mipito inapungua sentimita 20 na inayofuata inaongezeka 20. Kwa mahindi utaiona ukipalilia.

Huku kwetu kuna mteremko pia. Antena ikiwa mita 2.5 juu na trekta imelala digrii 5, inasogea kama sentimita 22 upande wa bondeni. Kifaa chenye kurekebisha mlalo kinalitoa kosa hilo, lakini kwa kutumia urefu wa antena uliouandika wewe. Kanopi na kebini hazilingani urefu. Kila trekta iwe na vipimo vyake ndani ya kifaa. Na kama paa ni la fiberglasi, sumaku ya antena haishiki: piga riveti bamba la chuma katikati kabisa.

Mlimaji wa Njoro
Shikamoo mzee. Nimekuwa nikihamisha antena bila kubadilisha urefu! Mwaka jana palikuwa na mistari ya magugu iliyokosa dawa kwenye shamba la mteja, na nilimlaumu dereva. Nitamwomba radhi. Umeme nao? Natumia tundu la kiberiti cha sigara.

Fundi wa Rongai
Tundu hilo liachie simu. Plagi inacheza, skrini inazima, mstari umepotea katikati ya shamba. Vuta waya moja kwa moja kutoka betri, fyuzi ikae karibu na ncha ya chanya. Waya, klampu na bamba vibaki kwenye kila trekta. Kinachohama ni skrini na antena tu. Washa injini kwanza, ndipo uwashe skrini, maana starta inavuta umeme mwingi.

Binti Subukia
Waya wa planta uachie ulegevu wa kutosha mashine ikiinuliwa na trekta ikikata kona, lakini uufunge mbali na shafti ya PTO, ile inayozunguka kupeleka nguvu ya injini kwenye mashine. Wangu ulimezwa na shafti siku ya pili ya kupanda. Ukichomoa plagi, ifunike na uitundike, isiburutwe kwenye tope.

Mlimaji wa Njoro
Basi ni klampu mbili za tufe la 1.5, bamba mbili, waya mbili za betri. Jumamosi nasimamisha trekta zote kwenye sakafu ya saruji, napima urefu wa antena, na naandika kwa rangi chini ya paa ili dereva asikisie.

Mzee wa Mau Narok
Vizuri. Tia upepo tairi kabla hujapima.