Jibini inapasukia kwenye mafuta na sherehe ni Jumamosi. Wakuu nisaidieni

Kibarua Tupu:
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja kwenye mada maana muda umenitupa mkono. Jumamosi kuna sherehe na mimi ndiye niliyebeba jukumu la vitafunwa vya kufungulia, vile vijiti vya jibini vya kukaanga. Nje vinatakiwa viwe vikavu, ukitafuna vinalia kau kau, ndani jibini inavutika.

Nimejaribu nyumbani, ni aibu tupu. Nikivitumbukiza vinatulia kidogo, halafu ganda linapasuka ubavuni, jibini inamwagika yote, inaungua na mafuta yanaanza kuruka. Nikiopoa nabaki na maganda matupu. Unga wa ngano nimepaka, yai nimechovya, chenga za mkate nimeviringisha. Watu watakuwa kama 40. Nakosea wapi? Wenye uzoefu tu, kejeli sitaki.

Domokaya:
Siti ya mbele nimeshakaa. Uzi wa mapishi bila picha ni sawa na harusi bila bibi harusi. Tuwekee hayo maganda tuyaone.

Fundi Sufuria:
Mkuu, jibini laini huanza kulegea ikifika nyuzi joto 55 hivi. Mafuta ya kukaangia yanatakiwa yawe kwenye 180. Kwa hiyo ganda inabidi liwahi kukauka kabla moto haujafika katikati, la sivyo jibini inageuka uji na kutafuta pa kutokea. Ndiyo maana vijiti vinagandishwa kwanza. Kata, paka, panga kwenye sinia visigusane, tia friza saa mbili au usiku kucha. Vikitoka huko viwe vigumu kabisa, ukigonga kimoja kwenye meza kilie.

La pili, paka mara mbili. Unga, yai, chenga, kisha rudi kwenye yai, rudi kwenye chenga. Zile ncha mbili ndizo watu wanazisahau na ndiko kunakovuja. Bonyeza chenga kwa vidole mpaka usione weupe wa jibini popote.

La tatu, kaanga vichache vichache. Ukijaza karai vitu vilivyoganda, mafuta yanapoa, ganda linakunywa mafuta na linachelewa kukauka. Kijiti kikae dakika moja hivi, kikipata rangi ya dhahabu toa. Usikisubirie kahawia. Huna kipimajoto? Dondosha kipande kidogo cha mkate: kikipata rangi ndani ya dakika moja, mafuta yako tayari. Kikizama na kunyamaza, bado.

Sasa nijibu matatu. Ni jibini gani? Uligandisha muda gani? Unakaangia wapi na vinaliwa saa ngapi?

Kibarua Tupu:
Asante sana Fundi, ubarikiwe. Kugandisha niliweka kidogo tu, friza yenyewe imejaa nyama, hakuna pa kupitisha hata sinia. Na nilipaka mara moja. Narudia leo leo.

Mzee wa Hekima:
Kijana, mimi nauliza kitu kimoja. Kwani lazima jibini? Tena ya kukaanga kwenye mafuta mengi? Watu wazima wanakuja na presha zao na wewe unawapokea na mafuta mlangoni. Kata matunda, panga vizuri, weka. Mgeni hakumbuki alichokula, anakumbuka alivyopokelewa.

Domokaya:
Mzee mimi nakumbuka kila nilichokula tangu nizaliwe. Usinisemee.

Nyota Njema:
Mleta mada, umeshauliza kama kuna mgeni asiyeweza maziwa? Mtoto wa dada yangu ana mzio wa maziwa. Kuna shughuli alipewa kipande cha kitu hivi hivi, mtu mzima kabisa anasema "onja tu kidogo". Midomo ilivimba, tukaanza kukimbizana na hospitali. Sherehe iliisha pale pale. Na hapo kwako kuna mayai na ngano pia, vitu vitatu vya kuwadhuru watu kwenye kijiti kimoja.

Halafu watu wanachanganya. Kuna wale ambao tumbo tu linajaa gesi kwa sababu ya sukari ya maziwa. Hao jibini ngumu zilizokomaa hazina shida nao sana, maana sukari hiyo huwa karibu imekwisha. Lakini mwenye mzio, hata kidogo hapana. Weka kikaratasi mezani kiandikwe kuna nini ndani.

Fundi Sufuria:
Kibarua, umejibu moja kati ya matatu. Jibini gani?

Kibarua Tupu:
Mozzarella.

Fundi Sufuria:
Mozzarella zipo mbili mkuu. Ile ngumu kidogo ya kipande cha mraba, au ile ya mviringo inayoelea kwenye maji?

Kibarua Tupu:
Ya mviringo, ya kwenye maji. Lakini aliyeniuzia kaniambia ndiyo bora na ndiyo laini kuliko zote. Nimeshanunua ya kutosha sherehe nzima, kwa hiyo suala la kubadilisha jibini naomba tusiliguse. Naomba ushauri wa namna ya kuikaanga hii hii.

Fundi Sufuria:
Hapo ndipo penye kesi. Hajakudanganya, ni nzuri, ila kwa kuliwa mbichi na nyanya. Hiyo zaidi ya nusu yake ni maji, inaweza kufika hata asilimia 60. Ile kavu iko kati ya asilimia 45 na 52. Maji yakikutana na mafuta ya nyuzi 180 yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unatafuta njia. Kupasuka ubavuni na kuruka kwa mafuta ndiko huko.

Kama huwezi kubadilisha, angalau ikaushe. Kata vijiti leo, panga juu ya kitambaa safi, funika na kingine, weka ubao juu, tia kwenye friji usiku mzima. Kesho badilisha vitambaa kama vimelowa. Ndipo upake na kugandisha. Unga wa kwanza changanya na wanga wa mahindi kidogo, unasaidia ganda kukauka. Na bado sikuhakikishii.

Bi Hodari:
Mbona mnateseka na jibini inayoyeyuka? Chemsheni maziwa, yakitaka kumwagika punguza moto, kamulia ndimu au weka siki, yakikatika mwaga kwenye kitambaa, suuza, kamua, kandamiza na kitu kizito. Hiyo ndiyo panir. Iliyogandishwa kwa tindikali haiyeyuki hata uiweke kwenye moto siku nzima. Unaikata, unaikaanga, inabaki na kona zake. Halloumi ya Cyprus nayo haiyeyuki, wao mabonge yake wanayachemsha kwenye maji ya maziwa yenyewe. Ile hata mafuta haihitaji, kikaango kikavu tu inapata rangi. Kasoro yake ni moja, ikipoa inakuwa ngumu kutafuna.

Mume wangu wa kwanza alikuwa hali jibini. Wa sasa anakula mpaka ya watoto. Mungu ana mizani yake.

Kibarua Tupu:
Asante dada Hodari, ila watu wameshaahidiwa vya kuvutika. Nikipeleka kisichovutika nitaonekana nimeshindwa.

Sina Neno:
"Nikipeleka." Unapeleka wapi? Fundi kauliza tangu mwanzo unakaangia wapi na vinaliwa saa ngapi, unaruka hilo swali kama dimbwi.

Kibarua Tupu:
Haina uhusiano na kupasuka.

Fundi Sufuria:
Ina uhusiano na "kau kau" uliyoandika mwenyewe.

Kibarua Tupu:
Basi niseme. Sherehe ni ya mzee kutimiza miaka 60, mzee mwenyewe ni baba mkwe wangu mtarajiwa. Mimi nakaangia kwangu saa nne asubuhi, kisha nasafiri navyo. Wageni wanafungua saa moja usiku. Nina hotpoti mbili kubwa za kuta nene, chakula kinatoka cha moto kabisa, nimeshazijaribu kwa wali. Na nimeona niviweke vyote 60 kwa 60 kila hotpoti, vijiti viwili kwa kila mgeni, maana wageni ni 60. Kwa hiyo joto si tatizo.

Domokaya:
Saa tisa ndani ya hotpoti! Hivyo si vijiti tena, hiyo ni supu ya chenga.

Fundi Sufuria:
Joto silo tatizo, tatizo ni mvuke. Kitu cha kukaanga kinaendelea kutoa mvuke hata baada ya kuopolewa. Ukikifungia, mvuke unagonga mfuniko, unarudi chini kama maji na ganda linalowa. Hata ukivirundika kwenye sahani yenye karatasi vinalainika upande wa chini, ndiyo maana tunaviweka juu ya wavu wa chuma. Wali unapenda mvuke, kitafunwa kikavu hakipendi.

Na kuna la afya. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kama unakitunza cha moto, kibaki juu ya nyuzi 60 muda wote. Kwa saa tisa, siiamini hotpoti yoyote.

Njia ya kweli ni hii: beba vikiwa vimegandishwa, vimeshapakwa, kwenye sanduku la barafu. Vikifika vinaingia friza ya kule. Wageni wakikaa, unakaanga. Kazi ya nusu saa.

Kibarua Tupu:
Kwenye jiko la mama mkwe sikaangi. Yule mama atasimama nyuma yangu akiangalia mkono unavyotetemeka. Na nimeshasema nakuja na vitu tayari, sio nakuja kupika. Kuna tofauti. Friza yangu ina nafasi, naweza kugandisha vyote Ijumaa na kukaanga Jumamosi mapema. Hotpoti nitaacha mfuniko wazi kidogo.

Bwana Cheche:
Mkono ukitetemeka mbele ya karai la mafuta, bora usikaange popote. Jirani yetu mafuta yalishika moto akamwagia maji ya ndoo. Moto uliruka mpaka darini, pazia likaenda, nyusi zikaenda. Moto wa mafuta unazima jiko, unafunika karai na mfuniko au sinia la chuma, unaacha limefunikwa mpaka lipoe. Maji kamwe. Yanazama chini, yanageuka mvuke na kuyarusha mafuta yanayowaka.

Jicho la Tatu:
Ngojeni kwanza wakuu. Nimesoma huu uzi kutoka juu. Wageni walikuwa 40, sasa 60. Friza ilikuwa imejaa nyama haipitishi sinia, sasa "ina nafasi". Nikaingia kwenye nyuzi zake za nyuma. Kibarua Tupu huyu huyu aliwahi kuomba dawa ya mke anayekoroma, akasema wana miaka saba ya ndoa. Leo ana mkwe *mtarajiwa*? Hii ni chai.

Domokaya:
Chai na vitafunwa vyake kabisa 😂

Sina Neno:
Nilihisi. Hawa ndio wenye chaneli za mapishi. Anatunga shida, mnamwaga ujuzi bure, wiki ijayo mnaiona video "siri saba za jibini ya kukaanga".

Kibarua Tupu:
Jamani mnakosea. Akaunti hii tunatumia wawili, mimi na kaka yangu. Uzi wa kukoroma ni wake. Wageni 40 ni wa upande wao, 20 wameongezwa jana. Na nyama imeliwa, mlitaka ikae friza milele?

Jicho la Tatu:
Na kaka yako naye anaanza nyuzi zake kwa "muda umenitupa mkono"? Maana iko pale pale kwenye uzi wa kukoroma, mstari wa kwanza.

Mzee wa Hekima:
Kijana, kama mke yupo na mkwe mtarajiwa naye yupo, basi matunda niliyokushauri hayatoshi. Tafuta wazee.

Bi Hodari:
Awe ana mke mmoja au wanne, mapishi ya Fundi ni ya kweli. Kibarua, kama kweli hutaki kukaanga kule, achana na vijiti. Chukua jibini ngumu iliyokomaa, parmesan au za jamii yake, kwaruza, weka vilima vidogo vya kijiko kimoja kwenye karatasi ya kuokea, visambaze kidogo, oveni nyuzi 200, dakika tano mpaka saba. Toa vikianza kuwa dhahabu pembeni. Vikipoa vinakuwa vikavu kama vigae, na hivyo ukivifunga vimepoa kabisa kwenye kopo lisilopitisha hewa vinakaa hata kesho yake. Havivutiki, lakini vinalia.

Msomaji Kimya:
Mimi huwa sichangii, ila nimefuata ya Fundi kwa mozzarella kavu na vimetoka vizima, kimoja tu ndicho kilivuja nchani. Watoto wamemaliza kabla sijakaa. Swali: mafuta yamebaki mengi na chini yana chenga nyeusi. Nayatumia tena?

Fundi Sufuria:
Yaache yapoe, yachuje kwa kitambaa chepesi, weka kwenye chupa yenye mfuniko mahali penye giza. Zile chenga zikibaki zitaungua tena na kutia uchungu. Kama yameanza kutoa povu, yananata au yanafuka moshi mapema, yatupe, ila usiyamwage kwenye sinki.

Kibarua Tupu:
Fundi au dada Hodari, hivyo vya oveni vikishapoa, naweza kuvibeba kwenye hotpoti?

Jicho la Tatu:
Muulize kaka yako.