Naomba ushauri: habari za Shakahola na simulizi za majini zimemchanganya mwanangu

MamaBakari, Malindi. 3 Mei 2023

Ndugu wanajukwaa, assalaam alaykum na heshima zangu kwenu nyote. Maelezo yangu ni marefu kidogo, lakini naomba mnivumilie, kwa kuwa bila kujua mwezi wa Aprili ulivyokwenda hapa nyumbani hamtaweza kunishauri.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 11, na Ramadhani iliyopita ndiyo ya kwanza kuifunga yote. Usiku, baada ya tarawehe, binamu zake walikuwa wakikusanyika barazani kwangu kungojea daku, na burudani yao ilikuwa simulizi za sauti za kwenye simu: chumba cha kupanga kisichokaa mpangaji, jini aliyeoa binadamu, mrembo anayeomba lifti usiku kumbe chini ya buibui ana kwato za punda. Sina ugomvi na simulizi hizo. Mimi mwenyewe huzisikiliza nikikanda unga wa mahamri, na msimulizi anayejua mahali pa kunyamaza hunifurahisha kuliko tamthilia yoyote ya televisheni.

Halafu habari zikaanza kutufikia. Tarehe 15 vita vilizuka Khartoum, na siku hizo hizo tukasikia kwamba polisi wamewatoa watu waliodhoofika kwa njaa katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti yetu hii ya Kilifi. Tarehe 21, katika siku za Idi, makaburi yakaanza kufukuliwa. Tuliambiwa kwamba wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walishawishiwa wajinyime chakula hadi kufa ili wakamwone Yesu, na kabla mwezi haujaisha miili ilikuwa imepita 100. Kwa mkazi wa Nairobi hiyo ilikuwa taarifa ya habari. Sisi miili ililetwa katika hospitali ya mji wetu, mochari ikajaa, na makontena ya baridi yakaletwa kusaidia.

Mwanangu alikuwa akisikiliza redio ya jirani, na kila idadi ilipopanda aliiandika kwa makaa kwenye ukuta wa nyuma ya jiko, akaifuta ya jana kwa kiganja. Nilipomuuliza sababu, alisema anataka kujua itasimama lini. Baadaye katika simu ya binamu yake zikawa zinapita video fupi za watu wenye mavazi meupe wakifukua msituni, na waliozisambaza walikuwa wamezipachika mlio ule ule wa mlango na kile kicheko ambacho watoto wamekizoea katika simulizi za majini. Tangu hapo hatoki kwenda chooni usiku bila kusindikizwa, na ameshikilia kwamba kicheko hicho kilirekodiwa Shakahola.

Lililonileta hasa ni hili. Wiki iliyopita bibi yake alimhimiza wafunge pamoja sita za Shawali, yaani zile siku sita za hiari baada ya Ramadhani, naye mwanangu akanigeukia akauliza: “Mama, wale watoto walifunga siku ngapi ndipo wakafa?” Nilikosa jibu. Je, nizipige marufuku simulizi zote? Nimfiche taarifa za habari? Na swali lake la saumu nilijibu vipi, bila kumdanganya wala kumtia hofu zaidi?

Mkweli_Mtupu

Dada, jibu ni rahisi: zima simu. Mtoto wa miaka 11 hana haja ya majini wala ya makaburi. Mnawalea watoto kwa vitisho, kisha mnashangaa wakiogopa choo.

FundiSauti_Dar

Mkuu hapo juu, kwa heshima, naona umehukumu haraka. Mimi ni mhariri wa simulizi hizo hizo mnazozisema, na ningependa Mama Bakari ajue zinavyotengenezwa, kwa sababu hapo ndipo penye dawa mojawapo. Mlio wa mlango huchukuliwa katika maktaba za sauti za bure, ambamo kuna milango mingi, na kila mhariri hutumia ileile miwili mitatu. Kicheko cha jini mara nyingi ni kicheko cha msimulizi mwenyewe kilichoshushwa kasi na kuongezwa mwangwi. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kukinyofoa kutoka kwenye kazi yangu na kukibandika juu ya video ya msiba wa watu. Kwa mtoto, simulizi na habari zinakuwa kitu kimoja, kwa kuwa zimetoka katika kioo kimoja zikiwa na sauti moja. Binafsi nawalaumu hao wanaobandika kuliko wanaosimulia.

Mpe simu mwanao, mtafutie mtungi mtupu au pipa, mwambie acheke ndani yake huku akijirekodi, kisha muisikilize pamoja na binamu zake. Halafu mchezesheni ile video mara moja bila sauti na mara ya pili kwa sauti, mkichagua sehemu isiyoonyesha maiti. Akishatengeneza kicheko chake mwenyewe, atajua kwamba kile cha kwenye video hakikutoka msituni.

BiMwanaidi

Wazo la mtungi ni zuri, ila la kumrudishia video hiyo, hata bila sauti, mimi silikubali. Ile ni miili ya watu wenye jamaa zao, na hapa mjini wapo ambao bado wanasubiri kuambiwa kama mtoto wao yumo. Mama, mtoto asiione tena.

MzeeWaNgambo, Unguja

Mwanangu Mama Bakari, mwaka 1995 hofu ya popobawa, jini lililosemwa kuwavamia watu usiku vyumbani mwao, ilianzia Pemba ikavuka hadi kwetu Unguja, na watu wazima, wenye wake na wajukuu, walihama vyumbani wakalala nje kwa makundi kando ya moto. Nami nililala. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, na wengi wetu tulikuwa na mambo ya kuogopa ambayo hayakusemeka hadharani kama lilivyosemeka la popobawa.

Nililoliona ni kwamba kulala pamoja kulitutuliza, ila maneno ya usiku yalitutia moto upya, maana kila aliyefika kwenye kundi alikuja na kisa kilichozidi cha aliyemtangulia. Msindikize chooni bila kumcheka, na usiku msizungumze habari hizo kabisa. Zungumzeni asubuhi, mkiwa na kazi mikononi. Asome Kulaudhu zote mbili anapolala, na wewe usome naye kwa sauti, kwa kuwa sauti ya mama humtuliza mtoto.

Ustadhi_Msafiri

Kuhusu swali la saumu, mjibu moja kwa moja, kwa sababu jibu lipo na ni la wazi. Saumu yetu ina daku mwanzoni na futari mwishoni, na jua likizama inakwisha, upende usipende. Mtume (s.a.w.) alikataza kuunganisha saumu mchana na usiku bila kufuturu, na akahimiza watu waharakishe kufuturu. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, mjamzito na anayenyonyesha wana ruhusa wakihofia afya, na mtoto ambaye hajabaleghe hana faradhi. Mueleze kwamba anayefunga akiona maisha yake yamo hatarini ni wajibu wake kula. Kuhusu sita za Shawali, hizo ni sunna. Mwache mwaka huu apumzike, bibi yake afunge na wengine.

BabaNeema_Mtwapa

Mama Bakari, pole sana. Mimi ni Mkristo, na binti yangu wa miaka 12 aliniuliza swali linalofanana na hilo kutoka upande wetu, yaani kama kufunga na kuomba tulikofundishwa kanisani ndiko kulikowaua wale. Ustadhi amejibu vizuri kuhusu dini, lakini nadhani swali la mwanao lina kosa ndani yake ambalo yeye hawezi kuliona, na wewe ndiye wa kulifungua. Wale watoto hawakufunga. Mtu anayefunga ameamua mwenyewe, na chakula kipo kikimngoja. Wale walinyimwa chakula na watu wazima waliopaswa kuwalisha. Mimi nilimwambia binti yangu hivyo hivyo, kwa maneno hayo, akanyamaza, kisha akauliza kama mimi ningeweza kumnyima. Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua muda wote, na wala halikuwa na uhusiano na mizimu.

Upasuaji wa miili ulioanza tarehe 1 chini ya mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, umeonyesha njaa kwa wengi, na kwa baadhi ya watoto dalili za kukosa hewa. Nalisema hili kwako mzazi ili usije ukashtukia redio ikilitaja mtoto akiwa karibu. Yeye halimhusu kwa sasa.

Nasaha_Kilifi

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha kwa muda mrefu, na naona mengi mazuri yamekwisha kusemwa, kwa hiyo nitaongeza kidogo. Taarifa za habari usizifiche, kwa kuwa katika mji wenu atazipata sokoni na madrasa, tena zikiwa zimetiwa chumvi. Chagua wakati mmoja wa siku, uwe mchana, umwambie wewe lililotokea kwa sentensi mbili tatu za kawaida, bila picha, kisha umuulize amesikia nini kwingine. Mara nyingi yale aliyoyasikia kwingine ndiyo yanayotisha.

Ile hesabu ya makaa ukutani usiikataze. Mtoto anayehesabu anajaribu kukishika kitu kisichoshikika. Unaweza kumwambia ukweli kwamba idadi huenda ikapanda tena, kwa kuwa shughuli haijaisha, na kwamba maana yake ni kuwa watu wanatafutwa na kutambuliwa ili jamaa zao wawazike. Mueleze pia habari za waliookolewa wakiwa hai, kwani redio huwataja kwa haraka sana na yeye pengine hawajui.

Simulizi za majini ziache kwa muda, kisha zirudi polepole, mchana, ukiwa naye. Endapo mwezi mwingine utapita na bado halali, hali vizuri au anakataa shule ikifunguliwa, mpeleke kwa mtaalamu. Msalaba Mwekundu wamekuwa pale hospitalini Malindi wakisaidia familia kutafuta jamaa na kutoa ushauri nasaha. Waulize, watakuelekeza hata kama familia yako haina aliyepotea.

MamaBakari, Malindi. 6 Mei 2023

Nawashukuru nyote, hata Mkweli Mtupu. Jana asubuhi, tukichambua mchele, nilimwambia mwanangu maneno ya Baba Neema, kwamba wale hawakufunga bali walinyimwa. Aliuliza waliowanyima wako wapi, nikamwambia baadhi wamekamatwa na mahakama itawasikiliza. Akauliza kama na yeye mahakama ingemsikiliza iwapo angepeleka malalamiko kwamba hakupewa chapati ya pili, na hapo nikajua kuna nafuu. Sita za Shawali nimemwambia bibi yake aziache, ingawa amenuna.

Shughuli ya mtungi imefanyika vizuri kupita kiasi. Binamu wanne wamekuwa wakicheka ndani yake tangu adhuhuri, na jirani ameshalalamika. Chooni bado ninamsindikiza.

Limebaki moja: ile simu ya binamu ni ya shemeji yangu, siwezi kuichukua, na video bado zinapita. Kuna namna?

FundiSauti_Dar

Ipo, na haihitaji kugombana na shemeji. Kila video ya namna hiyo inapotokea, msiitazame hadi mwisho wala msiandike maoni chini yake, hata ya kulaani, kwa sababu programu huhesabu vyote hivyo kuwa ni kuvutiwa. Bonyeza video kwa kidole bila kuachia, utatokea mpangilio wa kueleza kwamba huitaki, uchague. Iliyo na maiti iripotini kabisa. Kisha mtafutieni binamu mambo mengine ayatazame kwa wingi, mpira au mapishi, na baada ya muda simu itaanza kumletea hayo. Kama shemeji yuko tayari, kwenye mipangilio kuna pia sehemu ya kuyazuia maneno, mkaandika “Shakahola”, ila mjue kwamba wanaobandika vicheko huandika jina hilo kwa kulikosea makusudi, kwa hiyo liandikeni na kwa namna mbili tatu nyingine.

Na huo mtungi, kama kicheko kimetoka kizuri, nitumieni.